Wenye boti Goma na Bukavu: kabla hujampa mtu wa matangazo pesa zako, soma hapa kwanza

BotiKituku

Jambo yenu wenye boti wa ziwa Kivu, wa Goma, Bukavu, Minova, Kalehe na Idjwi. Wiki hii vijana wawili wa hapa Kituku, gati letu la Goma, wameniuliza swali moja: nimchukue nani anitangazie boti? Mmoja wao ameshapewa mkataba wa dola 400 kwa mwezi, na kalamu iko mkononi. Nikamwomba asubiri siku mbili niandike ninachokijua. Ndiyo haya.

Nina kano mbili za haraka, yaani boti za injini, moja ya viti 22, nyingine ya viti 14. Kubwa inafanya Goma–Bukavu. Ndogo ni ya kukodisha: safari za Idjwi, maharusi, watu wa mashirika, wageni. Mpaka leo nimelipa ajensi mbili za matangazo. Ya kwanza iliniumiza. Ya pili bado niko nayo.

Ile ya kwanza, jina lake nalibakiza kwangu, ilikuwa ya kila kitu. Leo sabuni, kesho saluni, keshokutwa shule. Walikuja na droni, wakapiga video ya sekunde 40: volkano ya Nyiragongo inatoa moshi kwa nyuma, kano inapasua maji, msichana mwenye kofia pana ameketi ubavuni. Ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini kabla hawajapiga, kijana wa kamera aliomba abiria wavue jile, yaani jaketi za kuokolea maisha, kwamba ile rangi ya chungwa inaharibu picha. Nilikuwepo, na nikakubali. Jile 14 zikarundikwa chini ya benchi la nyuma. Ukiitazama ile video vizuri, sekunde ya 23, unaziona pale.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikazama hapa mbele ya Kituku, watu wamesimama ufukweni wanatazama. Mtu wa Goma simsimulii siku ile. Siku mbili baadaye mama mmoja aliikata picha ya sekunde ya 23 akaiweka chini ya tangazo langu, akaandika: «Hizo jile mmemwekea nani?» Boti iliyozama haikuwa yangu, ila swali lake lilinihusu mimi. Nikaipigia ajensi waitoe video. Kumbe ukurasa ulifunguliwa kwa jina lao, na mimi sikuwa na ruhusa ya kufuta hata neno moja. Ilichukua siku tisa. Siku zote tisa tangazo liliendelea kuonekana, nalo linalipiwa kwa pesa yangu.

Na hesabu je? Ripoti yao ilisema watu 41,000 wameitazama. Nikachukua daftari la abiria nikaanza kumwuliza kila anayekata tikiti ametujulia wapi. Katika miezi minne, watu 11 tu walitaja Facebook. Baadaye ndipo nilipoonyeshwa kwamba wengi wa waliotazama walikuwa Kinshasa na Brussels, ndugu zetu wanaokumbuka nyumbani. Wanalipenda ziwa lao, ila hawako hapa kupanda boti ya Ijumaa.

Sasa nije kwenye ninachotaka kusema. Watu wanadhani ajensi maalumu ya boti ni ile inayojua kupiga picha za boti. Si hivyo. Anayejua kazi yetu ni yule anayeelewa kwamba kiti kilichoondoka tupu saa moja na nusu asubuhi hakiuzwi tena milele. Muuza sabuni akikosa mteja leo, sabuni inabaki rafuni. Sisi mafuta yamekwisha kuungua, kapteni amelipwa, kiti kimekwenda Bukavu na upepo peke yake. Anaelewa pia kwamba abiria wa ziwa hili anaanza na swali la kufika, na bei inakuja baadaye. Ziwa lina kina cha karibu mita 480, na hakuna mama anayevuka na mtoto mgongoni bila kuliwaza hilo.

Huyu wa pili nilimpata kwa kuelekezwa na mwenye hoteli. Ni dada mmoja na vijana wawili, kazi zao zote ni usafiri na malazi: mabasi, hoteli, boti. Siku ya kwanza alifika gatini saa kumi na mbili asubuhi, akakata tikiti kwa pesa yake, akakaa benchi la pili, akaenda Bukavu na kurudi. Kamera hakuitoa kabisa. Aliporudi alikuwa na kurasa nne za maswali. Siku gani boti inaondoka nusu tupu? Nani anaamua kutoondoka upepo ukiwa mbaya, na abiria wanajulishwa vipi? Kwa nini manifesti, ile orodha ya abiria, inaandikwa kwa kalamu ya risasi?

Halafu akaomba simu ya kazi. Akapitia ujumbe wa WhatsApp wa miezi miwili, mmoja mmoja, akiubandika lebo za rangi: aliyeuliza saa, aliyeuliza bei, aliyeuliza jile, aliyepanda, aliyepotea. Ikaonekana kwamba wengi waliopotea ni wale tuliowajibu baada ya zaidi ya saa moja. Mtu anauliza jioni «kesho kuna nafasi?», sisi tunamjibu usiku amekwisha kulala, asubuhi ameshakwenda na boti nyingine. Kwa hiyo mwezi wa kwanza hatukulipia tangazo hata la dola moja. Tuliweka mtu wa kujibu simu mpaka saa tatu usiku, basi. Nilikuwa natoka na watu 13 kwa wastani siku za katikati ya wiki. Mwezi ule ulipoisha walikuwa 16.

Tangazo letu kubwa leo ni picha moja kila asubuhi, ya simu ya kawaida: abiria wamekaa, jile zimefungwa, na maneno mafupi chini. «Tumeondoka saa 1:35, watu 18 kwa viti 22, ziwa limetulia.» Siku tusipoondoka tunaandika pia: «Leo hatuendi, upepo.» Niliogopa hiyo ya pili itatufukuzia wateja. Kumbe siku moja baba mmoja akaja na binti zake watatu akaniambia nimewaleta kwenu kwa sababu nyinyi mnasema mkishindwa.

Ukiongea na ajensi, waulize swali moja kabla ya lolote: «Asubuhi upepo ukikataza safari, na matangazo ya wiki nzima yamekwisha kuwekwa, mtafanya nini?» Anayeijua kazi atakujibu bila kufikiri: tunasimamisha tangazo, tunawaandikia waliokata tikiti, tunawapangia siku nyingine, na tunaandika wazi kwa nini. Asiyeijua atakuuliza upepo unahusiana vipi na matangazo.

Jambo jingine, na hili naomba mlisome polepole. Kuna ajensi zitakuja na ofa tamu: usitulipe kwa mwezi, tulipe kwa kila abiria tutakayemleta. Inavutia, hasa wakati huu pesa ni ngumu. Kwa viti vya laini, yaani safari za Goma–Bukavu, mimi nimekataa. Anayelipwa kwa kichwa atataka vichwa. Atakuletea watu 30 kwa boti ya 22, watasimama gatini na mizigo yao, wamelipa, wana hasira, na wewe ndiye utakayepaswa kusema hapana. Ziwa hili limeua watu wengi kwa sababu kuna mtu alishindwa kusema hapana gatini. Kamisheni naikubali kwa kukodisha tu, pale idadi ya watu inaandikwa kabla na boti yote ni ya mteja mmoja.

Mkataba nitauongelea hapo chini mkiuliza. Leo nimechoka.

---

Mama wa Nguba

Aksanti sana Papa. Mimi niko Bukavu, nina nyumba ndogo ya wageni pembeni ya maji na boti moja ya kuwatembeza. Hayo ya jile chini ya benchi yamenigusa, kwa sababu hata mimi nina picha kama hizo kwenye ukurasa wangu. Nimezitoa usiku huu huu.

Swali langu ni lugha. Kijana wangu wa matangazo anaandika Kifaransa kitupu, tena cha ofisini. Wageni wangu wengine wanatokea Kigali, hawakijui. Na mama wanaopanda na bidhaa zao hawasomi kabisa.

BotiKituku

Mama, umegusa penyewe. Sisi tumegawa hivi. Mashirika yanayotaka kukodi wanaandikiwa Kifaransa, na wanatumiwa bei ikiwa na karatasi za bima na za boti, maana bosi wao ndiye anayesaini. Mgeni wa kutokea Kigali anatafuta kwenye ramani ya Google kwa Kiingereza, kwa hiyo pale mahali pako pawe pamewekwa sawa, na saa, na namba ya simu inayofanya kazi. Mama wa soko anataka sauti. Tunarekodi ujumbe wa sauti wa nusu dakika kwa Kiswahili chetu cha hapa, na mwingine kwa Kihavu kwa ajili ya Idjwi, unazunguka kwenye makundi yao ya WhatsApp. Redio nayo usiidharau, kipindi cha asubuhi kabla ya taarifa ya habari.

Na maneno yenyewe. Ajensi ile ya kwanza iliandika «mashua ya kifahari». Nani huku anasema mashua? Watu wanasema boti, wanasema kano. Mtu akitangaza ziwa kwa maneno ambayo gatini hayasikiki, ujue hajawahi kushuka gatini.

---

Rangi na Sauti

Habari zenu. Mimi nafanya kazi kwenye ajensi hapa Goma, ya kila kitu kama alivyosema mzee, na nimesoma kwa heshima. Ila nataka kutetea kidogo. Mji huu hauna ajensi ya boti peke yake, wateja hawatoshi kumlisha. Kila mtaalamu alianza akiwa hajui. Sisi tukipewa muda tunajifunza. Tena yule maalumu ana tatizo ambalo mzee hajalitaja: akiwa ni wa boti tu, basi anamtangaza na mshindani wako. Bei zako anazijua, siku zako mbaya anazijua.

BotiKituku

Mdogo wangu, umesema kweli mbili na nitazijibu zote.

Ya kwanza: sitafuti mtu mwenye neno boti kwenye kadi yake. Aliyewahi kuuza viti vya basi la kwenda Butembo au vitanda vya hoteli anaijua hasara ya kiti tupu, na huyo atajifunza ziwa kwa mwezi mmoja. Ninyi mkitaka kujifunza, njooni mpande, mkae benchi la nyuma siku ya mawimbi. Ila msijifunze kwa pesa ya mwenye boti bila kumwambia. Mwambieni wazi kwamba hii ni mara yenu ya kwanza na mpunguze bei. Ningeheshimu hilo.

Ya pili ndiyo hatari yenyewe ya mtaalamu, na kwenye mkataba wangu iko kwa maandishi: katika laini ya Goma–Bukavu hamtangazi boti nyingine muda wote wa mkataba, na miezi mitatu baada yake. Laini nyingine ruksa. Alikubali, ila akaongeza dola 50 kwa mwezi. Nikalipa, kwa kuwa ni haki yake: anaacha wateja wengine kwa ajili yangu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mkataba. Ukurasa, akaunti ya matangazo, namba ya WhatsApp na ile sehemu ya ramani vyote vifunguliwe na wewe, kwa simu yako na barua pepe yako. Ajensi unaipa ruhusa ya kufanya kazi humo, kama vile unavyompa kapteni usukani bila kumwandikia boti jina lake. Siku mkiachana, unaifuta ruhusa, kazi imekwisha. Picha na video zote, hata zile ambazo hazikutumika, wakukabidhi kila mwisho wa mwezi. Muda wa kwanza usizidi miezi mitatu, na kuachana iwe ni taarifa ya siku 30.

Pesa ya kazi yao na pesa ya tangazo zisichanganywe. Hapa ndipo wengi tunaliwa. Unatoa dola 400, huambiwi kama 300 zimeingia Facebook au 30. Facebook na Google zinatoa risiti zenyewe, kwa hiyo usikubali karatasi iliyochapwa ofisini kwao. Ikiwa akaunti ni yako, risiti zinakuja kwako moja kwa moja. Najua tangu benki zifunge hapa Goma mwisho wa Januari 2025 kulipa kwa kadi kumekuwa mateso. Mimi natumia kadi ya shemeji yangu aliye Gisenyi, upande wa Rwanda, namrudishia kwa M-Pesa, na kila risiti naibandika kwenye daftari. Ni usumbufu, lakini naona kila dola ilikokwenda.

---

Fundi Moteri

Kuna mtu amenipa anwani ya ajensi moja ya Florida inayoshughulika na boti tu, miaka mingi. Kazi zao ukizitazama ni za ajabu. Wanaomba dola 2,500 kwa mwezi. Mimi nauza injini za boti na nimeanza kutengeneza kano za faiba. Mnaonaje?

BotiKituku

Kaka, wale ni mafundi kweli, ila angalia wanauza nini. Kwa Wazungu boti ni kitu cha familia, mtu anakifikiria miezi mingi kabla ya kununua. Mwaka wao unafuata maonyesho makubwa: Düsseldorf Januari, Miami Februari, Cannes Septemba. Kazi ya ajensi zile ni kumshika mtu aliyepita kwenye banda, kumwandikia, kumkumbusha, kumwalika ajaribu boti, mpaka anunue. Hawajawahi kujaza viti 22 kufikia kesho asubuhi.

Kwako wewe wa injini kuna la kuchukua kwao, bila kuwalipa 2,500. Anayenunua injini naye anafikiria muda mrefu. Andika jina la kila aliyeuliza bei, boti yake ni ya urefu gani, injini aliyonayo ina umri gani. Mpigie baada ya mwezi. Msimu wa kiangazi kuanzia Juni, upepo unapokuwa mkali na injini zinachoka, mpigie tena. Ajensi itakayokupangia hivyo ndiyo yako, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja hapa Birere.

---

Mwana Idjwi

Muzee, mimi nina mtumbwi mmoja wa mbao wenye injini ya farasi 40. Nawapeleka wageni kuona kahawa na mananasi, na jioni wasikie wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakiimba wakitoka na zile mitumbwi tatu zilizofungwa pamoja. Nimchukue ajensi?

BotiKituku

Hapana ndugu yangu. Usimchukue mtu yeyote sasa. Ajensi ni ya mtu ambaye kazi imemzidi mikono, na wewe bado. Fungua WhatsApp ya biashara, weka safari zako tatu na bei kwenye katalogi, jiweke kwenye ramani. Pesa ambayo ungempa ajensi nunulia jile sita nzuri, mbili ziwe za watoto. Halafu rekodi wale wavuvi kwa sauti tu, usiku, simu ikiwa imezimwa mwanga. Mgeni akisikia ile nyimbo inatoka gizani juu ya maji atakutafuta mwenyewe.

Mama wa Nguba

Nataka kuongeza kwa Mwana Idjwi. Sema ukweli wa hali. Tangu vita viingie Goma na kwetu, wageni wa mbali wamekatika, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mimi nilikuwa nalipia matangazo ya kuwaita Wazungu wa sokwe wa Kahuzi-Biega kama vile hakuna kilichotokea. Pesa ilikwenda bure, na nilijisikia vibaya kumwita mtu mahali ambapo mimi mwenyewe usiku silali. Sasa ninawatangazia watu wa hapa hapa: ubatizo, siku ya kuzaliwa, walimu wakimaliza mwaka. Boti inazunguka Nguba kwa saa moja, wanakula samaki, wanarudi. Yule wa matangazo angenishauri mapema nisingepoteza miezi mitano.

BotiKituku

Mama, hilo ndilo nililotaka kuliandika nikashindwa maneno. Yule dada wangu, mwezi Februari 2025 safari za ziwa ziliposimama, alinipigia yeye kwanza akasema: usinilipe mwezi huu, hakuna cha kutangaza. Wala sikumwomba.

---

Kijana Himbi

Mimi ndiye mwenye kalamu mkononi. Papa, jana nilikwenda kwa wale wa dola 400 nikawauliza lile swali la upepo. Walitazamana, kisha mkubwa wao akasema hiyo ni kazi ya kapteni. Nikauliza akaunti itakuwa kwa jina la nani. Wakasema kwa jina lao, ndivyo wanavyofanya kwa wateja wote. Nimeondoka sijasaini.

Sasa naomba, huyo dada wako ninaweza kumpata? Au mkataba wako unamkataza?

BotiKituku

Wewe unafanya Goma–Minova, kwangu ni Bukavu. Mkataba hauwagusi. Njoo kesho saa kumi na mbili kasoro. Utamkuta kwenye kano kubwa, anahesabu jile kabla ya picha. Chukua daftari lako la abiria uje nalo, ndilo atakaloliomba kwanza.